Picha Zisizokuwa na Nyumba

Kila picha ina nyumba yake. Picha za Njia ya Msalaba zina nyumba yake kanisani. Foto ya babu ina nyumba yake ukutani, mbele ya mlango, kusudi kila mgeni aione. Mchoro wa mwalimu una nyumba yake ubaoni, na jioni unafutwa bila mtu kusikitika. Kwa hiyo mtu akitaka kuifahamu picha, haitoshi kuuliza kama ni nzuri au mbaya. Sherti aulize pia: iliwekwa wapi? Na nani aliyeweza kuingia kuiona?

Tunaanza hivyo kwa sababu wasomaji wetu wa mijini wanasikia habari za maonyesho ya wachoraji wa siku hizi, yanayofanywa mahali pa ajabu: katika ghala tupu, katika shule ya zamani, kwenye ngazi, hata chooni. Tena wanasikia kwamba wengi wa wachoraji hao walikuwa wanaume wapendao wanaume, au wanawake wapendao wanawake, na kwamba hawakuificha habari hiyo katika kazi zao. Wengine wakisikia hayo wanaziba masikio. Wengine wanasifu kila kitu, mradi kimetoka Ulaya au Marekani. Sisi tunaona kwamba watu hao wa namna mbili wana kosa moja: hawajatazama.

Basi, wasomaji wapendwa, leo tutazame pamoja mifano michache, karibu yote ya mji wa New York, na zaidi ya miaka ya 1983 hata 1990. Mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa na juu ya usafi wa moyo mnayajua, nasi hatuandiki kurasa hizi kuyaeleza wala kuyabishania. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha pia kwamba watu hao wapokewe kwa heshima na huruma, wala wasibaguliwe bila haki. Hilo latutosha kama mlango wa kuingilia. Ndani ya mlango kazi yetu ni kupima kazi ya mikono ya watu, uzuri wake na upungufu wake, na kusema ukweli.

Gati la 34

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Manhattan unapita mto Hudson. Zamani meli zilijaa pale. Kila kampuni ilikuwa na gati lake, na juu ya gati ghala refu la chuma na mbao. Mizigo ilipoanza kusafirishwa katika makontena, meli zikahamia bandari zenye nafasi kubwa ng'ambo ya mto, katika jimbo la New Jersey. Maghala yakabaki matupu. Mabati yakatoboka, mbao za sakafu zikaoza, na mtu asiyeangalia miguu yake aliweza kutumbukia majini.

Katika miaka ya 1970 mahali hapo pakawa makimbilio ya watu wasiokuwa na mahali pengine: vijana waliofukuzwa kwao, maskini wasio na chumba, na wanaume wapendao wanaume, waliokwenda huko kuota jua, kukutana, na kukaa mbali na macho ya mji. Hatutaki kupapamba. Wezi walikuwapo, na watu waliumizwa. Lakini ndipo walipoweza kukaa. Mpiga foto mmoja mweusi, Alvin Baltrop (1948–2004), aliwapiga foto huko tangu mwaka 1975 hata 1986. Alipokuwa hai nyumba za sanaa hazikumjali. Mwaka 2019, miaka 15 baada ya kufa kwake, Bronx Museum ya New York ikamfanyia onyesho kubwa. Katika foto zake watu ni wadogo sana na ghala ni kubwa sana. Mwanga unaingia kwa matundu ya paa, na mara nyingi sherti utafute kwanza kabla ya kuona kwamba kuna mtu. Kwetu sisi hiyo ni hukumu nzuri ya mpiga foto. Hakuwafanya kuwa mashujaa, wala hakuwafanya kuwa kichekesho. Aliwaonyesha jinsi walivyokuwa, wadogo ndani ya magofu ya mali ya watu wengine.

Mwaka 1983 wachoraji wawili, David Wojnarowicz na Mike Bidlo, wakaanza kuchora katika ghala la gati la 34, mwisho wa barabara ya Canal. Wakawaita rafiki zao. Rafiki wakawaita wengine. Hapakuwa na ruhusa ya serikali, wala tiketi, wala mlinzi, wala kamati ya kuchagua, wala bei. Kila mtu alichagua ukuta wake. Luis Frangella, mzaliwa wa Argentina, alichora vichwa na viwiliwili vikubwa kuliko mtu. Wojnarowicz alichora wanyama na watu kwa rangi za haraka; tena, katika chumba kimoja, alimwaga mbegu za majani sakafuni. Unyevu ukazifikia, majani yakaota, na ndani ya ofisi iliyokufa pakawa na kiwanja kidogo cha kijani.

Habari zikaenea, watazamaji wakaja kwa wingi, polisi wakaja pia. Mwaka 1984 gati likabomolewa. Leo tunalijua kwa foto tu, kama zile za Andreas Sterzing na za Peter Hujar. Na mwaka 2016 Chuo cha Hunter mjini New York kilikusanya foto na kazi za wachoraji hao kusudi watu wakumbuke.

Je, tusemeje juu ya onyesho hilo? Ukarimu wake tunausifu bila shaka. Mchoraji aliyechora ukuta ambao kesho utaangushwa hakuchora kwa ajili ya fedha. Lakini mahali pasipochagua hupokea pia magugu. Foto zinaonyesha kuta nyingi zilizojaa mizaha ya usiku mmoja, na michoro inayopiga kelele kwa sababu jirani yake anapiga kelele. Katika yote, kilichobaki moyoni mwetu ni yale majani. Hayakuhitaji maelezo. Mahali palipotupwa pamezaa. Mtu yeyote wa shamba analifahamu neno hilo.

Sisi wakatekista tunajua kidogo jambo la mahali. Katika vijiji vingi, kabla ya kanisa la matofali kujengwa, wakristu walisali chini ya mwembe. Mwembe haukuwa kanisa kwa sababu ya majani yake, bali kwa sababu watu walikusanyika. Hatusemi gati na kanisa ni sawa. Tunasema kwamba watu wasiojengewa nyumba watakusanyika mahali fulani, na picha zao zitafanana na mahali hapo. Anayezilaumu kwa uchafu wa ukuta sherti aulize kwanza nani aliyewanyima ukuta safi.

Choo cha orofa ya pili

Mfano wa pili uko mbali kidogo na gati, katika barabara ya 13 ya Magharibi, nyumba namba 208. Ilikuwa shule zamani. Katika miaka ya 1980 nyumba hiyo ikawa kituo cha watu wapendao wa jinsia yao: mahali pa mikutano, pa mashauri, na pa kutafutia msaada wa wagonjwa. Mwaka 1989 ulikuwa mwaka wa 20 tangu ghasia za Stonewall za Juni 1969, polisi walipoingia katika baa moja ya mtaa huo na watu wakakataa kukamatwa kimya kimya. Kwa kumbukumbu hiyo kituo kiliwaita makumi ya wachoraji, kikawapa nyumba nzima: kuta za njia, vyumba, pembe, ngazi. Wachoraji hawakuleta picha zenye fremu. Walichora juu ya nyumba yenyewe, na watu wa kituo wakaendelea na kazi yao katikati ya picha.

Keith Haring alichagua choo cha wanaume cha orofa ya pili. Wasomaji wengine wanamjua kwa watoto wake wenye miali na mbwa wake wanaobweka, waliochapwa siku hizi juu ya fulana duniani kote. Alizaliwa mwaka 1958 katika jimbo la Pennsylvania. Tangu 1980 alijulikana kwa michoro ya chaki nyeupe aliyofanya katika stesheni za treni za chini ya ardhi, juu ya karatasi nyeusi zilizofunika mahali pa matangazo yasiyolipiwa. Chaki na weusi: vyombo vya mwalimu. Naye alichora kama mwalimu mzuri, kwa mstari mmoja usiokatika, kusudi mpita njia afahamu kabla treni haijaondoka.

Katika choo kile, mwezi wa Mei 1989, alichora kwa rangi nyeusi juu ya kuta nyeupe, pande zote, juu ya vigae. Alichora mambo ya miili ya wanaume, waziwazi kabisa, na gazeti hili si mahali pa kuyasimulia. Si picha ya watoto. Hatumshauri msomaji aitafute. Lakini mhakiki asiyesema zaidi ya hapo ameacha kazi nusu, maana Haring aliipa picha hiyo jina la maneno yanayoanza hadithi za watoto wa Kiingereza, kama sisi tusemavyo: Hapo zamani za kale.

Kwa nini jina hilo? Mwaka 1988 Haring alikuwa ameambiwa kwamba ana Ukimwi, ule ugonjwa ambao huku kwetu wengi wanauita Sida. Madaktari wa Marekani walianza kuuandika mwaka 1981. Mwaka 1989 dawa za kuushinda zilikuwa hazijapatikana, na rafiki zake walikuwa wanazikwa mmoja mmoja. Basi mtu huyu aliyejua kwamba atakufa aliingia chooni, mahali pa siri na pa aibu, akachora maisha ambayo yeye na rafiki zake waliyaishi, akayaita hadithi ya zamani. Si mwaliko ule. Ni kumbukumbu, na ndani yake mna kilio.

Upungufu wake? Tunauona, wala si ule wa uchafu tu. Katika picha nzima ni vigumu kumtambua mtu hata mmoja. Watu wa Haring mara nyingi hawana macho wala kinywa, ni desturi ya mkono wake. Lakini hapa miili imesongamana hata haijulikani mguu huu ni wa nani. Hakuna anayemtazama mwenzake. Kila mmoja anagusa, wala hakuna anayejulikana. Labda Haring alitaka tuone furaha isiyo na mipaka. Sisi tuliona pia upweke. Picha inasema zaidi ya matakwa ya mwenyewe, na ndiyo maana tunaihesabu kuwa kazi ya kweli.

Leo chumba kile si choo tena. Vyombo vya choo viliondolewa, kuta zikasafishwa na kutengenezwa, na wageni wanaingia polepole kama watu waingiao katika makumbusho. Ni vizuri kutunza. Lakini kitu kimepotea: yule mtu aliyeingia kwa haja yake ya kila siku akakutana na hadithi ya wafu.

Picha za wagonjwa

Peter Hujar, aliyepiga foto za gati, alikufa mwaka 1987. Haring alikufa tarehe 16 Februari 1990, ana miaka 31. Frangella alikufa mwaka huo huo wa 1990. Wojnarowicz alikufa mwaka 1992, ana miaka 37. Wote ni ugonjwa ule ule. Msomaji akitaka kufahamu kwa nini kazi zao zina haraka, na kwa nini nyingine zina hasira, asome tena tarehe hizo.

Hasira ya Wojnarowicz ndiyo iliyowaudhi wakatoliki, nasi hatuwezi kuipita kimya. Alilelewa katika dini yetu, na alama zake hazikumwacha. Katika filamu aliyoifanya miaka ya 1986 na 1987, akaiacha bila kuimaliza, mna mahali ambapo msalaba wenye sanamu ya Mwokozi umelala chini na siafu wanatembea juu yake. Ni sekunde chache. Mwaka 2010 kipande cha filamu hiyo, cha dakika 4 hivi, kiliwekwa katika National Portrait Gallery ya Washington, katika onyesho juu ya upendo wa watu wa jinsia moja katika picha za Marekani. Chama kiitwacho Catholic League kilishtaki kwamba ni matusi kwa wakristu, wabunge wengine wakaingia, na mwisho wa Novemba filamu ikaondolewa. Mwezi wa Januari 2011 watu wawili wakaleta kijumba cha magurudumu, wakakiweka barabarani nje ya jumba lile lile, wakaionyesha humo mpaka onyesho likaisha. Basi picha iliyoingia nyumba kubwa ilirudi njiani, kama ilivyozoea.

Tunafahamu uchungu wa mkristu aonaye wadudu juu ya msalaba. Sisi pia tulisikia uchungu huo. Lakini tunaomba msomaji atazame pamoja nasi picha nyingine, ya zamani zaidi.

Kati ya mwaka 1512 na 1516 Matthias Grünewald alichora picha kubwa ya altare kwa watawa wa Mtakatifu Antoni katika mji wa Isenheim, nchi ya Alsace. Watawa hao waliwatunza wagonjwa wa ule uliokuwa ukiitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Ulitoka katika ukungu wa nafaka. Ngozi iliwaka, vidole na miguu vikaoza. Grünewald akamchora Kristu msalabani na ngozi iliyojaa vidonda, ya rangi ya maiti, vidole vimekakamaa. Mgonjwa aliyeletwa mbele ya altare alimwona Mungu mwenye ugonjwa wake. Hakuna aliyesema kwamba Grünewald alimtukana Bwana. Watu walijua mahali: ilikuwa nyumba ya wagonjwa.

Sasa mrudie Wojnarowicz. Naye alifanya kazi yake katikati ya wagonjwa walioogopwa, ambao majirani walikataa hata kuwagusa. Je, msalaba uliotupwa chini, unaotembewa na wadudu bila mtu wa kuuinua, ni matusi, au ni lawama kwa wapita njia? Sisi tunaona ni lawama. Tunasema pia kwamba kazi ile ni dhaifu kuliko ya Grünewald, na sababu twaitaja. Grünewald alichora Mateso, na katika mbao za ndani za altare ile ile akachora Ufufuko. Mgonjwa hakuachwa kwenye vidonda. Filamu ya Wojnarowicz ni vipande vinavyogongana: jogoo wapiganao, mwombaji, moto, msalaba. Haikuisha, na inaonekana kwamba haikuisha. Tena waliokata vile vipande wakaviweka katika jumba safi la serikali waliwapa watazamaji vidonda bila hospitali yake. Si ajabu wengi hawakufahamu.

Ukuta uliouzwa na altare iliyopatikana

Tumalize kwa mifano miwili ya Haring ambayo inatugusa sisi wanaparokia kwa namna ya pekee.

Karibu na mwaka 1984 Haring alichora kuta za ngazi za Grace House, nyumba ya vijana wakatoliki ya parokia ya Ascension, kaskazini mwa Manhattan. Alichora watu 13 wakicheza na kuruka kutoka orofa moja hata nyingine, na yule mtoto mwenye miali kati yao. Vijana walipanda na kushuka ngazi pamoja nao kwa miaka mingi. Baadaye parokia ikaamuru kuta zikatwe, vipande vikatolewa pamoja na saruji yake, na Novemba 2019 vikauzwa mnadani kwa dola zaidi ya milioni 3.

Hatutaki kuwahukumu wanaparokia wale. Nyumba za kanisa zinahitaji fedha, na kila padri mkuu wa parokia anajua uzito wa paa linalovuja. Lakini kama wahakiki tunaweza kusema kilichouzwa na kilichoshindwa kuuzwa. Watu wale 13 walichorwa ili wapande ngazi pamoja na watoto. Ukiwakata kila mmoja peke yake, hawapandi tena popote. Kilichouzwa ni mkono wa Haring. Ngazi haikuuzwa, na ngazi ndiyo ilikuwa nusu ya picha.

Mfano wa mwisho ni kinyume chake. Juni 1989, mwezi mmoja tu baada ya kazi ya choo, Haring alikwenda Pisa, Italia, akachora ukuta wa nyumba ya watawa kando ya kanisa la Mtakatifu Antoni Abati, ambaye ni yule yule Antoni wa wagonjwa wa Isenheim. Alichora watu 30 juu ya ukuta wa yapata meta za mraba 180, wakishikana na kubebana, nao wako huko hata leo, mbele ya wapita njia. Kiisha, mwanzoni mwa mwaka 1990, majuma machache kabla ya kufa, alichora kwa kisu katika udongo altare ya mbao tatu juu ya maisha ya Kristu. Udongo ule ulitumika kumimina nakala 9 za shaba nyekundu iliyochanganywa, zikapakwa dhahabu nyeupe. Nakala moja iko katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane mjini New York, la waanglikana wa Marekani, ambako watu waliomlilia Haring walikusanyika tarehe 4 Mei 1990, siku ya kuzaliwa kwake. Nyingine iko katika Saint-Eustache, mjini Paris, kanisa la parokia la kikatoliki, ambamo misa inasomwa.

Tazameni altare hiyo vizuri. Katikati kuna mmoja mwenye mikono mingi, naye amempakata mtoto mchanga. Juu yake msalaba. Pande mbili malaika wanaruka, na wengine wanaonekana kama wanaanguka. Chini, umati wa watu wamesongamana, mikono juu, na matone yanawadondokea. Ni machozi? Ni damu? Mchoraji hakusema, na sisi hatuhitaji aseme.

Huu ni umati ule ule wa chooni. Mstari ni ule ule mmoja usiokatika. Watu ni wale wale, hawana nyuso, wamesongamana hata hujui mkono huu ni wa nani. Kati ya picha hizi mbili haijapita miezi tisa. Lakini chooni mikono ilishikana yenyewe kwa yenyewe, na hapa imeinuliwa, na juu yao yuko mwenye mikono ya kutosha kuwapokea. Mchoraji hakubadili watu wake ili waingie kanisani. Hakuwavika nguo nyingine wala kuwapa nyuso za watakatifu. Aliwaleta kama walivyo. Tunaiona altare hiyo kuwa kazi yake bora, nasi hatusemi hivyo kwa kuwa ni ya dini. Picha nyingi za dini ni mbovu, tunazo za kutosha kalendani. Ni bora kwa sababu hapa mara ya kwanza mstari wake una mahali pa kwenda.

Tena anayeijua altare bila kujua choo ameona nusu. Atasema: picha nzuri ya ibada. Hatajua ni nani wale wanaoinua mikono, wala walitoka wapi. Anayejua choo bila altare naye ameona nusu, na atasema kwamba mtu yule hakuwa na neno lingine zaidi ya mwili. Mhakiki mwenye haki sherti azitazame zote mbili pamoja.

Ndiyo maana tunamwomba msomaji asizipokee picha hizi kwa jina la jumla, akisema zote ni chafu, au zote ni za ushujaa. Nyingine ni mizaha ya usiku mmoja, na zilistahili kuanguka na gati lake. Nyingine zina hasira isiyopata umbo. Nyingine ni kazi za kweli, zilizofanywa na vijana waliokuwa wanakufa, katika mahali pekee walipopewa, au waliponyang'anya. Kila moja ipimwe peke yake, na mahali pake papimwe pamoja nayo.

Na jambo hili halikai Marekani. Hapa kwetu pia familia nyingi zimezika kijana bila kuutaja ugonjwa wake, na foto yake ikaondolewa ukutani kusudi wageni wasiulize. Katika kila parokia wapo watu ambao wanasimama nyuma kabisa, karibu na mlango, wakijua kwamba wengine wangependa watoke. Msomaji akipata siku moja kuona altare ya Saint-Eustache, hata katika kitabu, aihesabu ile mikono iliyoinuliwa, halafu afikiri juu ya watu wa mlangoni pake. Nao, wakitaka kuchora, watachora wapi?